Wanasema Ulisoma Kimyakimya

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako siwezi kuisikia, lakini sijawahi kuanza maongezi na wewe bila kukuamkia, na sitaanza leo.

Jumamosi natakiwa kusimama mbele za watu nikuzungumzie. Huko Mkolani wamefungua chumba cha kusomea na wamekipa jina lako. Mwalimu anayekisimamia amenipigia simu mara tatu. "Dada, vitabu vya mzee watu wanavisoma. Sasa wanataka kujua yeye mwenyewe alikuwa anasomaje." Nilidhani ni kazi ndogo. Nimekaa na karatasi tangu Jumatatu, na kila nikifika sentensi ya pili naona naelekea kusema uongo.

Nianze na yale yasiyonisumbua. Watu wanadhani mwandishi mkubwa husoma kwenye kiti cha kuzunguka, makabati ya vitabu kila upande. Wewe ulisoma umesimama jikoni kwetu Ilemela, kikombe cha chai mkononi, mama akikusogeza kwa mwiko kwa sababu umemzibia njia. Ukila karanga, ulikuwa unaikunjua ile karatasi na kuisoma pande zote mbili. Siku moja tukiwa stendi ya Nyegezi ulinirudisha kwa muuza karanga nikamwombe kipande kinachofuata, maana habari ilikatika mtu akiwa bado kizimbani. Yule mama alinitazama wee, akaniuliza, "Baba yako mzima kweli?" Nikamjibu ni mwandishi. "Ahaa," akasema, akanipa karatasi tatu.

Kitabu ulikianzia katikati. "Mlango wa mbele hupakwa rangi kwa ajili ya wageni," ulisema. "Ukitaka kuijua nyumba, pita uani." Maelezo ya dawa ya kikohozi uliyasoma yote hadi jina la kiwanda. Daftari langu la insha uliliweka juu ya rundo, ukalisoma kwa uso ule ule uliosomea vitabu vya watu wenye majina. Na ulikuwa unalowesha kidole kwa mate kufungua kurasa, tabia ambayo mama aliipiga vita miaka yote na akashindwa.

Na yote hayo, baba, uliyasoma kwa sauti. Neno lisilopita mdomoni halijaiva, ndivyo ulivyoamini.

Hapa ndipo ninapokwama. Wewe ulikulia Majita, na ulimi wa kwetu haukuona sababu ya kutenganisha L na R. Ukiandika hukukosea hata mara moja. Ukisoma, herufi hizo mbili zilikuwa zinaazimana nguo. Nyumbani hakuna aliyejali. Mimi mwenyewe sikulisikia kosa hilo mpaka nilipoanza sekondari nikakaa na watoto wa mjini, nao wakanifundisha kulisikia kwa kunicheka. Nilijirekebisha haraka. Nilikuwa najisemesha peke yangu njiani, lala, rudi, lala, rudi, kama mgonjwa wa homa.

Nilikuwa kidato cha pili ulipoalikwa shuleni kwetu. Ulivaa lile shati la kijani la kanisani. Ulitusomea hadithi ya mwalimu anayestaafu, na pale anapomkabidhi mwanafunzi wake kalamu, wewe ulisema karamu. Ukarudia, kwa sababu ndivyo hadithi ilivyotaka: "Shika karamu hii, mwanangu, isikuponyoke."

Kuna aliyecheka. Kisha darasa zima. Mmoja akauliza kwa sauti, "Na soda zipo?" Mwalimu akagonga meza. Wewe ulitabasamu, ukadhani umewafurahisha, ukaendelea hadi mwisho.

Yule aliyecheka wa kwanza nilikuwa mimi.

Sikucheka kwa sababu ilinichekesha. Nilijua wenzangu watacheka, na niliogopa kukutwa upande wa wanaochekwa, kwa hiyo nikawahi. Jioni nikakamilisha kazi. Nilikukuta unasoma gazeti, nikakwambia, "Baba, ni bora uwe unasoma kimoyomoyo. Watu wanacheka." Uliniangalia kidogo. Ukasema, "Sawa, mama." Uliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako, na hata siku hiyo hukuniita vingine.

Tangu hapo sikukusikia tena ukisoma. Ukialikwa mahali ulimpa mtu mwingine akusomee, wewe ukakaa mstari wa mbele umefumba macho. Waandishi wa habari wakapata la kuandika. Wakasema wewe ni mnyenyekevu. Kijana mmoja wa chuo aliandika insha ndefu kuhusu ukimya wako na mafunzo yake. Uliisoma, midomo imefungwa, ukaniuliza, "Hivi huyu ananizungumzia mimi?" Nikacheka tena, baba. Nilikuwa mtu mzima tayari, na nikaacha ipite.

Hata ulipolazwa, mimi ndiye niliyekusomea. Wewe ulichezesha midomo tu.

Juzi nilienda kwa mama kutafuta la kusema Jumamosi. Nilimkuta anachambua mchele.

"Mama, baba alianza lini hasa kusoma kimya?"

"Kimya? Nani? Baba yako?" Aliuweka ungo chini. "Nani kakudanganya?"

"Mbona mimi nilikuwa simsikii?"

"Ungemsikia wapi? Ukitoka kwenda shule ndio anaanza. Hapo hapo mlangoni, kanizibia njia. Akisikia geti, anakohoa, anafunga kitabu. Hata ulipoolewa, siku unayokuja anakuwa bubu. Nikasema labda wasomi mnaheshimiana hivyo."

Nilikuwa na swali moja, nikaliogopa, nikaliuliza.

"Alikuwa akikosea sana? Zile L na R?"

Mama alifikiri kweli, alitaka kunisaidia. "Sijui, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwa nasikiliza hadithi."

Nilitoka nje, nikaenda kukaa juu ya yale mawe nyuma ya nyumba, nikalia kuliko nilivyolia msibani. Miaka yote ile vitabu vyako vyote vilisomwa kwa sauti ndani ya nyumba yetu, na mtu mmoja tu alifichwa asisikie. Hukunificha kwa hasira. Mtu mwenye hasira angenisema hata siku moja. Ulinitunzia aibu yangu kama mtu anavyomtunzia mtoto mgonjwa ukimya wa nyumba, nami nikaamini nyumba ndivyo ilivyo.

Nisamehe, baba. Nilikuwa mtoto, lakini sikubaki mtoto, na nilikuwa na nafasi nyingi za kusema, "Nisomee."

Basi nimechana ile karatasi. Mwalimu wa Mkolani atasikitika, maana alitaka niwaeleze watoto kuhusu ukimya wa mwandishi mkubwa. Mama nitamkalisha mbele. Nitawaamkia wakubwa, kisha nitawaambia watoto wa pale, ambao nusu yao wanasema kama wewe, kwamba baba yangu alisoma kwa sauti kila siku ya maisha yake, na aliyemnyamazisha mbele za watu ni mimi.

Pumzika salama.

Ni mimi binti yako, uliyeniita mama.