Uji wa Mama na Kazi ya Ujerumani

Kanini, nimepata kazi. Usipige vigelegele bado, sikia kwanza aibu yangu.

Unajua nilivyohangaika na Kijerumani, kila jioni darasani na mvi zangu katikati ya watoto wa juzi. Leo ndiyo yalikuwa mahojiano, kwa video, hapa hapa nyumbani, kijijini Tulia. Mama Mjerumani akatokea kwenye simu. Nikafumba macho nimkabidhi Bwana jambo hili kwa kifupi. Kifupi changu unakijua. Kabla ya amina nasikia: "Halo? Picha imeganda?"

Imeganda! Niko mbele za Mungu, naambiwa nimeganda!

Haya. Akauliza, "Umewahi kutunza wazee?" Kijerumani chote kikatoroka. Hapo ndipo mama yangu akapaza sauti kutoka chumbani: "Mwongeli! Uji wangu umetangulia Ujerumani?"

Kanini, nilitamani kuingia chini ya meza. Mjerumani akauliza huyo ni nani. Nikasema ni mama, namlisha na kumwogesha tangu apooze. Akatabasamu kabisa. "Vizuri sana! Ndio watu tunaowatafuta. Njoo Machi."

Mungu ni mwema, sivyo? Ananipa kazi ya kulisha mama za watu.

Nikampelekea mama uji, nikamweleza kwamba naenda kutunza wazee wa huko. Akanywa polepole, akanitazama. "Na watoto wao walihamia wapi?"

Leo niombee wewe, Kanini. Sasa ndiyo nimeganda kweli.