Sauti Isiyopumua: Kikao cha Dharura cha Kwaya ya Mapambazuko, Mikumi

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA KWAYA, KILICHOFANYIKA JUMAMOSI TAREHE 14 JUNI 2025 KATIKA CHUMBA CHA MAZOEZI, MIKUMI

WALIOHUDHURIA
Ndg. Optatus Komba – Mwenyekiti
Mzee Lazaro Msagati – Mlezi
Mwl. Goodhope Mushi – Mwalimu wa kwaya
Bi. Filomena Haule – Mjumbe
Bi. Loveth Kimaro – Katibu

ALIYEALIKWA
Happyness Komba – Mwimbaji kiongozi

ASIYEHUDHURIA
Ndg. Evance – Mweka hazina (kwa taarifa, yuko Kidodi kwenye mavuno ya miwa)

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:20 alasiri. Alieleza kwamba ajenda ni moja tu, yaani aibu iliyoipata kwaya kwenye tamasha la Kilosa, na kwamba hataki hadithi ndefu. Bi. Filomena aliomba dirisha la upande wa barabara kuu lifungwe kwa sababu malori yanaizidi sauti yake. Mwenyekiti alisema joto ni kali. Mzee Lazaro aliinuka akalifunga mwenyewe.

Happyness aliwaamkia wajumbe. Shikamoo yake kwa Bi. Filomena haikuitikiwa.

KUMB. NA. 2/6/2025: TUKIO LA KILOSA
Mwalimu Goodhope alieleza kwamba kwaya ilipanda jukwaani na wimbo mpya, "Nisikie Asubuhi". Happyness, ambaye ni binti wa Mwenyekiti, alishika kipaza sauti na kwaya ikawa inaitikia. Katika ubeti wa tatu Happyness alipaliwa, akainama akikohoa. Sauti iliyodhaniwa ni yake iliendelea kuimba kwenye spika, tena sehemu ya juu kabisa, bila kutetereka. Watu walicheka. Kisha wanakwaya wa Msowero wakaanza kuzomea, na ukumbi mzima ukafuata.

Mwalimu alikubali kwamba sauti ilitoka kwenye simu yake. Alipoulizwa ni sauti ya nani, alijibu kwamba si ya mtu, imetengenezwa kwa kompyuta.

Mwenyekiti alisema kwa ukali kwamba kitu kisicho na roho kimepandishwa jukwaani kumwimbia Mungu, na kwamba aliyekileta afukuzwe leo hii. Alimtaja Bi. Filomena. Bi. Filomena alipiga meza kwa kiganja, kwa kuwa hawezi kupaza sauti, na kutaka asikilizwe mpaka mwisho.

KUMB. NA. 3/6/2025: MAELEZO YA BI. FILOMENA
Bi. Filomena alikumbusha kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji kiongozi tangu kwaya ianzishwe, hadi goita ilipoubana mshipa wa sauti akafanyiwa upasuaji. Baada ya hapo hakuweza kusema kabisa kwa muda mrefu, na nafasi yake akapewa Happyness. Anauza chakula kwa madereva wa malori, na ilibidi awe anawaandikia bei kwenye kipande cha boksi. Wengine walimwita bubu mbele yake wakidhani hasikii.

Siku moja simu yake ilikuwa inacheza nyimbo zinazofuatana zenyewe, ukaingia wimbo wa Kijapani. Hakuelewa hata neno. Kilichomshtua ni kwamba mwimbaji alikuwa anapanda, anashuka, anapanda tena, na hapumui. Alisema: "Mimi nimeimba maisha yangu yote. Najua mwimbaji anavuta pumzi wapi. Yule hakuvuta popote."

Alimwuliza mdogo wake, Doto, ambaye ni fundi wa kompyuta. Doto akamsomea habari za wimbo huo: hakuna mwimbaji. Mtu anakaa, anaandika maneno silabi kwa silabi, kila silabi anaipa noti yake, na programu inaimba. Wajapani wamekuwa wakifanya hivyo miaka mingi na watu hujaa kumbini kusikiliza. Bi. Filomena alisema aliposikia hayo aliacha ugali ukaungua jikoni, akalia. Kumbe asiye na sauti naye anaweza kuimba.

Alijifunza programu hiyo kwenye kompyuta ya Doto. Alieleza kwamba silabi za Kijapani zinakaribiana na zetu, kwa hiyo Kiswahili kilikubali, isipokuwa herufi L: "milele" ilitoka "mirere". Ndiyo maana "Nisikie Asubuhi" hauna L hata moja. Mzee Lazaro aliupitia wimbo kimoyomoyo, akasema ni kweli.

Alimpa Mwalimu rekodi ya wimbo huo ili kwaya ijifunzie tu, na akamwomba awaambie wanakwaya kwamba wimbo ni wa kwake. Mwalimu aliwaambia umetoka kwa rafiki yake wa Morogoro. Mwalimu, alipotakiwa kujibu, alisema aliona watakataa kujifunza wakijua ni wa Bi. Filomena.

Bi. Filomena alisema: "Mliniondolea nafasi yangu, nikanyamaza. Nikajitafutia sauti nyingine. Na hiyo nayo mkaichukua, mkaenda kuipachika mdomoni mwa mtoto!"

KUMB. NA. 4/6/2025: NANI ALIAMURU
Mzee Lazaro aliuliza ni nani aliyeamua rekodi ichezwe jukwaani. Mwenyekiti alisema swali hilo liko nje ya ajenda. Happyness alisimama bila kupewa nafasi, akasema: "Ni baba. Nilimwambia noti za juu sizifikii. Akasema fungua mdomo tu, watu hawatajua. Mama Filomena, nisamehe."

Bi. Filomena alimjibu: "Marahaba, mwanangu. Sasa nimekusikia."

Mwenyekiti aliagiza sehemu hii isiandikwe. Bi. Filomena alitaka iandikwe neno kwa neno. Kura zilipigwa, watatu walitaka iandikwe, Mwenyekiti alikataa, Mwalimu hakupiga. Imeandikwa.

Mwenyekiti alisema amejenga kwaya hii kwa jasho lake na haitavunjwa na mashine. Mzee Lazaro alimwambia: "Optatus, mashine haikudanganya mtu Kilosa. Kaa chini." Mwenyekiti alikaa.

KUMB. NA. 5/6/2025: MAAZIMIO
(a) Hoja ya kumfukuza Bi. Filomena ilikataliwa.
(b) Mwenyekiti na Mwalimu watasimama mbele ya kwaya zote kwenye tamasha lijalo la Kilosa, waseme ukweli na kuomba radhi. Mwenyekiti alipinga, alishindwa kwa kura.
(c) "Nisikie Asubuhi" ni wimbo wa Bi. Filomena na hautaimbwa bila idhini yake.

Mwalimu aliuliza kama idhini hiyo inaweza kutolewa sasa, kwa kuwa kwaya inaupenda wimbo. Bi. Filomena alikataa. Mzee Lazaro alimwuliza kwa upole kamati ingefanya nini ili akubali. Bi. Filomena alisema: "Mngekuja kuniona nilipokuwa nimelazwa."

KUMB. NA. 6/6/2025: KUFUNGA KIKAO
Vikao vya kamati hufungwa kwa wimbo. Mwenyekiti aliomba mjumbe yeyote aanzishe. Wajumbe walisubiriana. Hakuna aliyeanzisha. Watu walitawanyika saa 11:35 jioni.

Optatus Komba (sahihi)
Mwenyekiti

Loveth Kimaro (sahihi)
Katibu