Mwalimu Aliyefaulu Kipimo Changu

Jumatatu, 5 Mei
Wagonjwa kumi na tisa leo. Wa mwisho kanifurahisha. Mwalimu Swaibu, miaka hamsini na sita, anasomesha madrasa huko Kasubi. Aliletwa na mkewe, Bi Zaituni, anayesema mumewe amebadilika. Nikampima kumbukumbu. Akajibu yote: tarehe, hesabu, maneno matano bila kukosea. Katikati ya kipimo akanyoosha mkono, akala kabalagala zangu, chapati ndogo za ndizi zilizokuwa mezani, zote, kisha akaniambia nimenenepa. Nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia Bi Zaituni ni uchovu tu, warudi nyumbani.

Alhamisi, 8 Mei
Sijatulia. Mwalimu wa dini hali chakula cha daktari bila kuomba. Ugonjwa ulikaa mbele yangu ukatafuna, nami nikacheka. Mjinga mimi.
Nimempigia simu Bi Zaituni. Kaongea kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. Alipofiwa na dada yake, mumewe aliwauliza waombolezaji pilau itaiva saa ngapi. Kila asubuhi anatembea njia ileile hadi soko la Kalerwe, anachukua ndizi kwenye meza za watu. Madrasa wanataka kumfukuza. Kaka zake Bi Zaituni wanakuja mwisho wa mwezi kumrudisha dada yao kwao. Anaamini mume amemchoka. Nimemsihi asiamue lolote kabla sijawaona tena.

Jumatatu, 12 Mei
Safari hii nilianza na mke, peke yake, saa nzima. Ndipo nilipopaswa kuanzia.
Kisha Mwalimu. Nilimwagiza: nikigonga meza mara moja, agonge mara mbili. Nikigonga mara mbili, atulie. Hakutulia hata mara moja. Aligonga kwa raha hadi muuguzi akaanza kutikisa mabega kama yuko ngomani. Nikaomba maneno yanayoanza na M, kadiri awezavyo kwa dakika moja.
"Mandazi," akasema. "Mandazi ya nazi. Mandazi mawili."
Basi. Mtu aliyehifadhi msahafu mzima.
Nimeagiza picha ya ubongo. Naogopa nitakachokiona. Naogopa zaidi nisipokiona.

Jumatano, 21 Mei
Picha imefika. Ubongo umesinyaa sehemu ya mbele na kwenye panja. Ni demensia, ile inayoharibu tabia kwanza na kuiacha kumbukumbu kwa muda. Haina tiba. Niliwaambia hivyo hivyo, bila kuzunguka, nikaomba radhi kwa ile siku ya kwanza. Mwalimu alikuwa anatazama dirishani.
Bi Zaituni alimgeukia mumewe. Kisha akauliza, "Kwa hiyo si mimi niliyemchosha?"
"Si wewe, Bi Zaituni. Wala si kusudi lake. Ni ugonjwa."
Alilia na kucheka kwa pamoja, mpaka akavua miwani. Sijawahi kuona habari mbaya ikimtua mtu mzigo namna ile. Nimefurahi. Naona haya kidogo, lakini nimefurahi.

Ijumaa, 30 Mei
Nilipita kwao baada ya kazi. Kaka zake Bi Zaituni walikuja juzi, wakasoma barua niliyowaandikia kuhusu ugonjwa, wakala, wakaondoka bila yeye. Madrasa wamempumzisha Mwalimu kwa heshima. Wauza ndizi wa Kalerwe wameshaelezwa. Sasa humrudisha nyumbani wenyewe. Sukari imefungiwa kabatini, Mwalimu asiimalize.
Tulikaa barazani, Mwalimu na mimi, tukipukuchua kunde. Bi Zaituni alijinyoosha mkekani, dakika tano tu, alisema. Akapitiwa na usingizi. Mwalimu aliendelea kupukuchua, nami pia. Bakuli lilipojaa nikaleta jingine.