Mnyama wa Baraji ya Kibabi Ni Mimi

Mama Constance mpendwa, nisaidie kabla mvua hazijarudi, kwa sababu mimi Sebarenzi, mlinzi wa baraji, bwawa la hapa Kibabi, sina tena mtu wa kumwambia shida yangu, na mke wangu Béata nikimwambia anacheka mpaka anakaa chini.

Bwana Édouard, mwenye shamba la pareto, alifunga kijito kwa ukuta wa udongo ili apate ziwa dogo la kuogelea na kupiga kasia Jumapili, siku ya Mungu, yeye na rafiki zake na gramafoni yao, na alipokwenda konji, likizo yake ya Ulaya, aliniachia neno moja tu, "Ukuta uwe na majani mafupi, na njia ya maji ya ziada isizibe," nami nikajibu ndiyo Bwana, na ningefanya hivyo kweli, lakini mama mkwe wangu, ambaye jina lake siwezi kuliandika hata kwenye karatasi, anakaa bondeni chini ya baraji, na alipoona udongo wa ukuta ni laini akapanda viazi vitamu kutoka ncha hadi ncha, na wewe unajua kwetu mwanaume hasimami uso kwa uso na mama mkwe, akimwona njiani anaingia porini, basi kila asubuhi nikija kukagua ukuta namkuta juu na jembe, naingia kwenye matete nisubiri aende, na yeye haendi, kwa sababu ana bidii sana.

Nilimtuma Béata akamkataze. Akarudi na kikapu cha viazi.

"Mama anasema aksanti juu ya shamba," akaniambia. "Anasema hayapata ona mukwe muzuri kama weye."

Mama Constance, nilivila. Vilikuwa vitamu, na hapo ndipo nilipoharibu.

Halafu fuko wakafuata viazi, wakatoboa ukuta, na maji yakaanza kutoka chini upande wa bonde, kwanza yalikuwa safi, sasa yana rangi ya udongo, nikaziba kwa koti langu lakini yanapita pembeni, na ili nikague bila kuonekana nikajifunga majani ya migomba mwili mzima, nikapanda ukutani polepole kama kichaka, na nilikuwa nimefika katikati wakati mama mkwe alipotokea na panga akitafuta majani ya mbuzi wake, akanishika jani la mgongoni, akavuta, mimi nikapiga kelele, yeye akapiga kelele, nikaruka ziwani na majani yangu yote.

Tangu siku hiyo Kibabi nzima inasema barajini kuna mnyama. Katekista Hilaire amekuja kunyunyiza maji ya baraka. Nikiwaomba watu waje tutengeneze ukuta wananijibu, "Ile iko kazi ya ile nyama, siye hatuendi kule!" Na mama mkwe amekuwa mtu mkubwa, kila jioni anasimulia, na kila jioni mnyama anaongezewa meno.

Sasa nifanye nini? Nikisema mnyama ni mimi, nimekubali mbele ya watu kwamba mama mkwe alinishika mgongo nikiwa nimevaa majani. Nikinyamaza, ukuta unaweza kwenda na maji, na nyumba ya kwanza ni ya kwake. Yule mama nampenda, kwa heshima na kwa mbali. Naogopa sana.

Sebarenzi, Kibabi

Mama Constance anajibu:

Sebarenzi mwanangu, nimecheka, unisamehe. Halafu nikafika pale unaposema maji yana rangi ya udongo, na kicheko kikaniisha. Maji yakitoka na udongo yanakula ukuta kutoka ndani, na wewe umeketi unaandika barua! Jibu hili nimempa kwanza dereva wa lori linalopanda Mushaki akufikishie mkononi. Hapa gazetini nalitoa kwa faida ya wengine wenye mabwawa na wakwe.

Leo hii, watu wa bondeni wahamie kilimani. Fungua robine ya chini, ile koki ya kutolea maji, lakini kidogo kidogo, maana ukuta uliolowa ukiondolewa maji ghafla huporomoka. Safisha njia ya maji ya ziada. Lile koti litoe, ukiziba hapo maji yatatafuta pengine. Mwaga mchanga pale maji yanapotokea, na juu yake kokoto, ili maji yapite na udongo ubaki. Ziwa likishashuka, ng'oa viazi vyote, vyote nimesema, hata vile vitamu. Jaza mashimo ya fuko udongo wa mfinyanzi, watu wengi waukanyage mpaka ushikane, kisha panda majani mafupi kama ulivyoambiwa tangu mwanzo. Na mama mkwe umkatie kipande cha shamba lako mwenyewe. Mwanamke mwenye bidii namna hiyo hawezi kukaa bila udongo.

Utaniuliza utawaambiaje. Nenda kwa Hilaire, umwambie mnyama ni wewe. Amemaliza maji ya baraka bure, ana haki ya kujua. Yeye atawaambia wengine, watacheka, na watu wanaocheka hawaogopi tena kushika jembe. Béata naye acheke huku akichota mchanga.

Kwa mama mkwe, heshima yako ni nzuri na sikuambii uivunje. Simama nyuma ya nyumba yake, umgeuzie mgongo, useme na mbuzi wake kwa sauti: "Wee mbuzi, ambia mama ukuta inataka kuanguka, atoke leo." Atasikia. Na mbuzi hataona haya.

Unaogopa aibu ya jani moja la mgomba. Basi fikiri siku ukuta ukienda. Mtu wa karibu atakuwa nani? Wewe, mlinzi. Utaingia majini, utamtoa, utambeba mgongoni mpaka kilimani, amelowa, kitambaa kimemtoka kichwani, mikono yake imekukaba shingo, na Kibabi nzima imesimama inatazama.

Nenda ukaseme na mbuzi.