Shafti Bado Inazunguka

4 Februari

Mwanangu Kasuku,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Sisi huku hatujambo, ila shangazi yako anakohoa na mimi goti linanisumbua nikipanda ngazi. Wewe je, unakula? Ulisikika redioni juzi, yaani alisikia shangazi yako akanisimulia kwa kunipigia kelele sikioni, na anasema sauti imekukauka. Kunywa maji. Na simu usipige. Kila ukipiga naishia kusema "ehe, ehe" na sijasikia kitu, maana masikio yangu niliyaacha kwenye mtambo miaka mingi iliyopita. Andika kama ninavyoandika mimi.

Basi, tumezima. Amri yenu wabunge ilifika: mitambo yote ya makaa ya mawe izimwe nchi nzima, kampuni ikae pembeni, kituo kiwe mikononi mwetu wafanyakazi pamoja na wakazi. Kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa zamu, mkono uliozima ni wangu. Wenzangu walisema kumekuwa kimya mpaka wakaogopa. Mimi kiziwi nilijua kwa miguu tu, sakafu ilipoacha kutetemeka. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kitambaa.

Usiwe na wasiwasi, tumezima kistaarabu. Shafti tunaizungusha polepole kwa ile mota ndogo. Nilikueleza ukiwa mdogo, ila wewe ulikuwa unaongea muda wote: shafti, ule mhimili wa chuma ndani ya mtambo, ni ndefu na nzito, ukiiacha imelala tuli inapinda kwa uzito wake, na ikishapinda huwashi tena. Kwa hiyo aliyezima ndiye anayeanza kukaa nayo, wenzake wanampokea, mpaka litoke neno la kuwasha. Sisi tunaita kulea. Basi ninalea, na kiti changu nimekiweka pale pale.

Shangazi yako bado yuko chumbani kwako. Tangu mafuriko yalipobeba nyumba yake amesogeza kitanda mbali na dirisha, na mvua ikianza anavaa viatu, hata kama amelala. Anakusalimu sana.

Ni mimi,
Mama yako

19 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na kikohozi cha shangazi kimemwachia. Mimi mzima kabisa. Nakula, ingawa nakula nimesimama, na maji nakunywa.

Barua yako niliipokea kwenye ngazi za Bunge na nikaisoma nikielekea mkutanoni. Nilipofika pale uliposema mkono uliozima ni wako, nilisimama katikati ya watu nikashindwa kuendelea. Najua ule mtambo ni nini kwako. Ndio uliotulea sisi sote baada ya baba kufariki.

Acha nikueleze tulipofika. Amri ile ni ya muda tu. Mwishoni mwa Aprili tunapigia kura sheria yenyewe, ya kufunga moja kwa moja na kuichukua mitambo yote isirudi kwa kampuni kamwe. Ikipita, kituo chenu kitakuwa mahali pa kuhifadhi umeme wa jua: mchana mnaujaza kwenye betri, usiku mnaugawa mitaani. Betri zenyewe ziko njiani. Hakuna atakayefukuzwa kazi, mshahara ni ule ule, na zamu zitakuwa fupi. Wenyewe mtachagua viongozi wenu. Wapinzani wanasema tunaota, eti nchi itabaki gizani, eti turuhusu kampuni iwashe tena kidogo kidogo mpaka tukomae. Tukiwapa hiyo kidogo kidogo, mama, tumekwisha. Nikichoka namkumbuka shangazi juu ya paa, maji yanapita chini yake, amekumbatia sufuria. Nilimuuliza kwa nini sufuria, akaniambia ndiyo iliyokuwa karibu.

Wiki ijayo nitasimama bungeni niwaambie mtambo wao mkubwa kuliko yote umekufa, na aliyeuzima ni mama yangu mzazi.

Mwanao anayekupenda,
Kasuku

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na salamu tele. Goti ni lile lile, kikohozi kimepona, na shangazi yako amerudia kugombana na jirani, kwa hiyo ujue ana afya.

Hotuba yako imetufikia. Shangazi alitoka nayo nje akaitangaza mtaa mzima, kwamba nimetajwa bungeni. Aliponiambia umesema mtambo umekufa nilicheka. Nikamwambia wanasiasa hawakosi maneno, mtambo umelala tu, ndio kwanza nimetoka kuugusa.

Kazini si kuzuri sana. Betri zimefika, masanduku kwa masanduku, yamepangwa uani chini ya turubai, na hakuna aliyeyafungua. Yatakaa wapi, wakati ukumbi wote ni wa mtambo? Watu wanafagia palipofagiliwa. Wengine wanacheza bao tangu asubuhi. Kila mtu anasubiri, na ukimuuliza anasubiri nini, anakuuliza wewe. Mwendesha winchi, yule mwenye mdomo, amesema ushirika wetu ni mkubwa kwenye karatasi na mdogo kwenye mikono. Nilimkemea, kisha nikarudi kwenye kiti changu.

Jambo moja lilinifurahisha. Meneja wetu wa zamani alikuja na wageni waliovaa suti. Alinisalimia kwa heshima, jambo ambalo hakuwa nalo enzi zake. Wakaniuliza kama mtambo unaweza kuwaka. Nikawaambia mkinipa mvuke unawaka, maana haujaachwa hata kidogo. Nikawaonyesha shafti inavyozunguka. Wakasema nchi nzima hakuna waliotunza mtambo wao hivi. Waliniomba niweke mkono juu ya kifuniko, wakanipiga picha. Nilijivuna, sikufichi. Nimefanya kazi pale tangu nina nywele nyeusi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu wa ofisini kunisifu.

Niambie nawe, neno la kuwasha au la kuacha litatoka lini? Wasimamizi wenzangu wananiuliza mimi, kana kwamba nimezaa serikali.

Mama yako

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Hujajibu. Sikuulizi hali maana naijua, shangazi yako amenisomea gazeti.

Kumbe wale wageni walikuwa watu wa kampuni. Kumbe picha yangu imeoneshwa bungeni, mkono juu ya mtambo, natabasamu na mwanya wangu, na chini wameandika kwamba mtambo uko tayari na mbunge kijana aliwadanganya wananchi. Wamesema hata mama yake hamwamini. Shangazi alipofika hapo alikunja gazeti akasema macho yamechoka. Nilimnyang'anya nikamalizia mwenyewe.

Nakuamini, mwanangu. Nilikuwa nafanya kazi yangu tu. Mtambo ukizimwa unalelewa, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyowafundisha wengine. Hakuna aliyeniambia kwamba safari hii tumezima ili mtambo ufe.

Hata ukiwa umenikasirikia, andika. Nikiona kimya chako nashindwa kula.

Mama

9 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikasirika, ni kweli. Siku zile mbili za kwanza nilitembea mjini nikigombana nawe kichwani, na kila mara wewe ndiye ulikuwa unashinda. Halafu nikatoa barua yako ya Februari nikaisoma nimekaa. Uliniandikia kabisa kwamba mnauzungusha. Niliyapita maneno yako kama mtu anayepita nyumbani bila kubisha hodi. Nilitaka kusikia kwamba umeuzima, nikaishia hapo.

Kwa hiyo waliponiita mwongo, picha yako ilikuwa upande wao. Sasa wabunge kadhaa waliokuwa upande wetu wanayumba. Wanasema kama mtambo uko tayari, kuna ubaya gani kuuwasha mpaka betri zizoeleke? Kampuni imeshaagiza makaa. Kura ikishindwa, mtambo wenu utawaka mwezi ujao, na mingine yote itafuata, na kituo kitarudi kwao. Sidhani kama katika maisha yangu tutapata nafasi nyingine. Masika ndiyo yanaanza, mama, na huku watu wa mabondeni wameshaanza kufunga mizigo.

Sikuombi uguse chochote. Mtambo ni wenu wafanyakazi, amueni wenyewe. Sitaki iandikwe kwamba nilimtuma mama yangu.

Msalimie sana shangazi.

Mwanao,
Kasuku

21 Aprili

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Mimi na shangazi tuko salama, ila mikono yangu inauma na mwandiko utauona mwenyewe.

Barua yako imeniudhi mahali pamoja. Eti huniombi. Mtoto akitaka jambo kwa mama yake anaomba, na mama akikataa anakataa. Unawaomba watu wote wa nchi hii waache walichozoea, halafu ukifika kwangu unaona haya? Mimi pia ni mtu wa nchi hii. Ungeniomba.

Hata hivyo, niliitisha mkutano wa wafanyakazi wote, palepale ukumbini, mtambo ukiwa katikati. Niliwasomea barua yako yote, hata hapo uliposema nakushinda. Watu walicheka, kisha wakagombana. Wengine walisema tukiufungua huu mtambo na kura ikashindwa, tumejinyima kazi kwa mikono yetu, na kampuni itatushitaki. Mwendesha winchi alisema mbunge anaweza kuchaguliwa mahali pengine lakini yeye hana pengine pa kwenda. Hayo yote ni kweli, na sikuwabishia. Mimi mwenyewe naogopa.

Ilipofika zamu yangu niliwaambia kwamba shafti inazunguka kwa ajili ya watu watakaokuja kuturudisha tulikotoka. Masanduku ya betri yapo uani yananyeshewa kwa sababu ukumbi umejaa kitu tunachokilea, na mimi ndiye ninayekilea kuliko wote. Nikawaambia, "Mimi ndiye niliyewafundisha. Sasa nawaambia basi."

Nikaketi. Wakapiga kura kwa mikono. Sikuhesabu, ila niliona mkono wa mwendesha winchi ukipanda taratibu, mwishomwisho.

Mota ndogo niliizima mimi. Kisha tukashika spana. Nati za kifuniko zilikuwa zimekaa miaka, na kila iliyogoma nilijua aliyeikaza, wengine wameshakufa. Tulipoinua kifuniko, shafti ilikuwa inang'aa. Nyoofu kabisa, mwanangu. Mwendesha winchi aliibeba polepole, bila hata kuigusisha ukuta, akailaza uani kwenye magogo. Hapo hairudi tena. Beringi zake, zile zilizokuwa zinaishikilia, tumezikata.

Hatujamwambia mtu wa gazeti. Tumewaandikia Bunge wenyewe, tukaweka saini zetu zote, kwamba tumeamua. Wewe huna lawama, na wala huna sifa. Kura ikishindwa watakuja kuuliza nani alishika spana, na mimi nitasema.

Jioni ile watu walianza kufungua masanduku. Mimi nilirudi nyumbani.

Mama yako

30 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sote wazima.

Tumesikia mmeshinda. Shangazi alikuja mbio mpaka kituoni, na viatu vya mvua miguuni wakati jua linawaka, akanishika mabega akawa anatamka kwa midomo ili nisome: imepita, imepita. Watu walicheza uani. Mwendesha winchi alinibeba juu juu, mimi na goti langu. Betri za kwanza zimeshapangwa ukumbini, na sasa mafundi wanafunga nyaya. Ni kazi nzuri, safi, na wanasema nitakuwa mmoja wa viongozi wa ushirika. Nimekubali. Nakuombea afya, na nakuombea ukae chini ule.

Nimefurahi, na ninaposema nimefurahi niamini. Ila wakati wanacheza nilikwenda nikakaa juu ya magogo pembeni ya shafti. Imeanza kupata kutu. Nililia, mwanangu, mchana kweupe, mbele ya watu, na wao wakadhani nalia kwa furaha.

Tangu siku hiyo mlango haufungwi. Wanakuja majirani, wanakuja wafanyakazi wa vituo vingine, amekuja hata mkuu wa wilaya. Wote wananipa hongera. Nawakaribisha, nawashukuru, wanakwenda zao. Hakuna hata mmoja aliyenipa pole.

Njoo wewe.

Mama yako