Yule wa Katikati Si Mimi

Bellevue, Johannesburg

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimia kwa magoti. Miguu yako inaendeleaje na baridi hiyo ya ziwani? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaouma, na ndiyo maana naandika, kwa sababu kwenye simu nilijaribu nikaishia kulia. Kaka anayekusomea asome polepole, na wewe ukae.

Nimesikia umetoa shukrani kanisani kwa kuwa binti yako amefika Ulaya. Nimeambiwa ulicheza mpaka kilemba kikaanguka. Mama, yule wa katikati kwenye picha uliyotumiwa si mimi. Mimi niko hapa hapa kwenye cherehani yangu, chumba kile kile.

Unakikumbuka kitenge cha kijani ulichonitumia? Baba Nsimire alipotuambia ametuombea sote karatasi za kumfuata Bruseli, nilikikata nguo tatu: yangu, ya Nsimire na ya Bahati. Tulikubaliana tutazivaa siku tutakaposimama kwenye uwanja wao mkubwa, penye nyumba zilizopakwa dhahabu, tupigwe picha, nawe uipate. Kila jioni nikawa nawaonyesha watoto mji ule kwenye simu. Niliwafundisha kanisa la minara miwili, ile mipira ya chuma mikubwa kuliko ghorofa, na kitoto cha shaba kinachokojoa mbele za watu. Bahati alikuwa anacheka hadi anaanguka kitandani. Nilijifanya mwenyeji wa mji nisioujua hata harufu yake.

Kisha majibu yakaja. Watoto wamekubaliwa, mimi nimekataliwa. Walisema watoto ni wake, lakini mimi si mke wake, kwa kuwa hatukuandikisha ndoa komini, kwenye ofisi ya serikali. Ng'ombe wa mahari mliowapokea nyumbani hawakuhesabiwa. Siku ya safari niliikunja nguo yangu nikaiweka kwenye sanduku lao. Nilimwambia Bahati kwamba nguo ikitangulia, mwenyewe yuko njiani.

Huko baba yao anafanya kazi usiku, mchana analala, kwa hiyo dada yake ndiye anayewatembeza. Wifi yangu sina neno naye. Siku ya kwenda uwanjani Nsimire alifungua sanduku akamtolea nguo yangu, naye akadhani ni zawadi ya kumshukuru kwa kupokea watoto, kama tunavyofanya kwetu. Akaivaa kwa furaha. Imemkaa vizuri kuliko inavyonikaa mimi, Mama, na hilo linaniuma kuliko yote. Wewe na macho yako hayo uliona kitenge chako, ukaona na mtoto wako ndani yake.

Nsimire aliponipigia sikumgombeza. Nilimuuliza tu kwa nini.

"Mama, tulisema kitenge kimoja, watu watatu," akanijibu. "Nguo yako ilikuwa imekosa mtu."

Bahati akamnyang'anya simu. "Eish, Mama, kale katoto ni kadogo sana. Ulitudanganya." Akaanza kunitembeza mji, hapa unavuka kwenye taa za robot, pale unapinda kushoto, kama nilivyokuwa nikimfundisha. Nikawa namwitikia kama mgeni. Simu ilipokatika nilirudi kwenye gauni la mteja, nikalishona upande usio wake, nikalifumua.

Baba Nsimire anasema ataomba tena. Namsikiliza. Nimebaki na kipande kidogo cha kile kitenge, nakifunga kichwani Jumapili.

Nisalimie kaka na mke wake, mama mdogo pale kwenye samaki wake, na jirani anayekuchotea maji. Waambie ukweli wewe mwenyewe, wasije wakausikia sokoni. Ukishawaambia, nenda kwa mchungaji. Mwombe alitoe jina langu kwenye shukrani, alirudishe kwenye maombi.

Ni mimi binti yako, bado niko Johannesburg,

Mapendo