Mama Mkwe Hanusi Tena, na Chumba cha Kuonja Divai Kinafunguliwa Jumamosi

Shangazi Anisa mpendwa,

Nisaidie haraka, na tafadhali nijibu kwa simu kwanza, usichapishe barua hii kabla ya Jumamosi, kwa sababu mama mkwe wangu hununua gazeti hili kila wiki na ukurasa wako ndio anaoanza nao, tena hunisomea kwa sauti huku akiwakemea walioandika, na sitaki kusikia barua yangu mwenyewe ikisomwa jikoni kwangu.

Mimi ni Mukami, nina miaka thelathini na tisa, nimeolewa mtaa wa Jericho hapa Nairobi, na mume wangu anaitwa Caleb. Mama yake, Mama Phelister, ni mjane wa karani wa reli, na ndiye aliyeanzisha kazi inayotulisha sote. Zamani alifundishwa na akina mama wa kanisa kutengeneza divai ya Meza ya Bwana, akaanza na pipa moja la mananasi nyuma ya nyumba, watu wakaja kumwomba ya harusi, na leo tunatengeneza ya mananasi, ya maua ya rozela na ya matunda damu, tuna leseni, chupa zetu zina lebo, na kila pipa lililowahi kutoka kwetu lilipitia puani mwake kwanza. Shangazi, hiyo pua usiichezee. Alikuwa anafungua kifuniko, ananusa mara moja, anasema hili lilikorogwa na mkono wenye sabuni, na kweli unakuta Caleb alikuwa ametoka kuosha vyombo. Mimi nilipoletwa pale, msichana wa Kerugoya asiyejua hata kusalimia kwa Kijaluo, hakunipenda, hilo nalisema bila kinyongo, lakini siku moja aliniwekea vikombe viwili akaniuliza kipi kimekaa zaidi, nikapata, akaniuliza tena kesho yake nikapata, na tangu hapo akaniita Nyar Kerugoya, yaani binti wa Kerugoya, akanifundisha kila kitu kwa miaka kumi na miwili.

Sasa mwaka huu nyumba ilitushinda, mapipa sebuleni, mapipa kando ya kitanda, jirani analalamikia nzi, mpaka Caleb akapata jengo pembeni mwa Industrial Area lililokuwa karakana ya kushona viti vya magari, lina dari ya juu na baridi nzuri, tukasema nyuma tuweke mapipa na mbele tufungue chumba cha kuonja, mahali mtu anakaa kwenye meza safi, anaonja vikombe vidogo vitatu, anaelezwa kilichomo, kisha ananunua chupa anayoipenda. Tulihama mwezi wa tano kwa pikapu, Mama amekaa mbele amepakata mtungi wa chachu kama mtoto mchanga, na kila dereva akikanyaga breki anamgombeza, "Pole pole wewe, hiki kitu kiko hai!" Tulicheka siku hiyo mpaka tukashindwa kushusha mizigo.

Kumbe kifuniko cha pipa moja la rozela kililegea njiani na hatukuona. Baada ya wiki mbili Mama akalifungua, akainama, akanusa, akatabasamu akasema, "Hii ndiyo ya ufunguzi." Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, Shangazi, na machozi yalikuwa yananitoka kwa ukali. Pipa zima lilikuwa siki. Nilidhani ananitania, nikamtazama, hakuwa anatania. Wiki hiyohiyo sukuma wiki iliungua jikoni mpaka moshi ukajaa, yeye ameketi palepale ameinamia blauzi anashona kifungo, hana habari. Hapo nikakumbuka mafua makali yaliyomlaza mwezi wa tatu.

Sikumwambia mtu. Nilingoja aende mkutano wa kanisa, nikalimwaga lile pipa, nikalijaza kutoka kwa lingine zuri. Tangu siku hiyo naonja mimi kabla yake, nikikuta kitu hakiko sawa narekebisha kimyakimya, na yeye akifungua pipa huniuliza, "Nyar Kerugoya, wewe unasemaje?" nami nasema, naye anajibu, "Hata mimi naona hivyo." Watu wanaendelea kumsifu. Na acha nikiri lile linaloniumiza, kuna siku nafurahia. Divai iliyosifiwa kwenye harusi moja mtaani Huruma mwezi uliopita niliichanganya mimi, na niliposikia wageni wanauliza imetoka wapi nikajiona mkubwa, kisha nikaona aibu kama mtu aliyemwibia Mama mkoba.

Hilo ningelibeba. Lakini Caleb amekiita chumba "Pua ya Mama", Shitanda mchoraji ameshaandika ukutani kwa herufi nyekundu na kuchora pua yenyewe, kubwa kama mlango, na Jumamosi, mbele ya kasisi, majirani na mnunuzi wa hoteli moja ya mjini, Caleb atamfunga Mama macho kwa leso, apewe vikombe vitatu, ataje kila kimoja kwa kunusa tu. "Watabaki mdomo wazi," ananiambia kila siku, "hakuna mtu Nairobi hii ana mama kama huyu." Nikimwambia Caleb atavunjika moyo, pengine afute ufunguzi wenyewe. Nikimwambia Mama nitakuwa nimemvua nguo. Na wifi yangu Adongo, ambaye alishasema zamani kwamba siku moja nitaishika kazi ya mama yao mkononi, atasema nimezusha ugonjwa ili nichukue usukani. Kwa hivyo nimepanga kukohoa. Kikohozi kimoja mananasi, viwili rozela, vitatu matunda damu. Nimefanya mazoezi bafuni. Shida ni kwamba Mama hajui maana ya vikohozi, kwa sababu nikimweleza itabidi nimweleze na kwa nini. Nifanyeje?

Mukami, Jericho

*

Mukami,

Kwanza kunywa maji, koo lako lipumzike, na huo mpango wa kukohoa uutupe leo. Utakuwa unatuma ishara kwa mtu asiyejua kuna ishara. Wageni watakuuliza kama una kifua, Mama atataja chochote kitakachomjia, na hata ukifaulu utakuwa umewadanganya watu siku ileile uliyowafungulia mlango.

Ninakuhurumia, kweli. Umebeba kitu kizito kwa miezi na umekibeba kwa mapenzi. Lakini soma tena barua yako, pale unaposema anafungua pipa na kukuuliza wewe unasemaje. Mama aliyenusa sabuni kwenye mkono wa mwanawe, tangu lini akaomba maoni? Anajua, Mukami. Pua ni yake, alikuwa wa kwanza kujua imeondoka. Mko wawili ndani ya jengo moja, kila mmoja anamficha mwenzake siri ileile, na anayefurahia peke yake ni Caleb na leso yake.

Kuhusu kufurahia, hujaiba chochote. Alikufundisha miaka kumi na miwili, ulidhani alitaka uyaweke mafunzo kabatini? Ukitaka kuona aibu, ona aibu kwa kumwaga pipa la mtu akiwa kanisani.

Sasa liko jambo hukuliandika, na ndilo lililonitisha mimi. Mnapika kwa gesi? Mtu asiyenusa hajui mtungi unavuja. Hajui maziwa yameharibika, hajui kitambaa kimeshika moto chumba cha pili. Kila siku unayokaa kimya ukilinda heshima yake, yeye anawasha kiberiti bila mlinzi. Heshima gani hiyo?

Fanya hivi. Kesho asubuhi nenda kwake peke yako. Mwambie uliyoyaona, siki na sukuma, na ukiri kwamba ulimwaga pipa. Usizunguke, usianze na habari za hali ya hewa. Akilia, kaa. Akikufukuza, kaa nje ya mlango, atakuita. Kisha mwendeeni Caleb nyinyi wawili, na Mama ndiye azungumze. Adongo naye aambiwe na mama yake siku hiyohiyo, asisikie kutoka kwako wala kwa jirani. Mchezo wa kufunga macho ufutwe. Gesi ifungwe pale juu ya mtungi kila mkimaliza kupika, kuanzia leo. Na wiki ijayo mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu wapo wanaopona na wapo wasiopona, na nyinyi mnahitaji kujua mko upande gani.

Ukimaliza, niandikie.

Shangazi Anisa

*

Jibu hilo nililituma kwa simu siku ya Jumatano. Siku tisa baadaye ilikuja barua ya pili, pamoja na ruhusa ya kuchapisha zote, imetiwa sahihi na Mama Phelister mwenyewe.

*

Shangazi,

Nilienda Alhamisi asubuhi nikamkuta anasuuza chupa. Nilisema yote kwa pumzi moja, pipa, siki, sukuma, hata vikohozi. Akafunga mfereji, akajipangusa mikono pole pole, akasema, "Nimekungoja tangu mwezi wa tano."

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Siku ile ya rozela niliinua macho nikakuona unatokwa na machozi. Nikajua imekuwa siki. Kuanzia hapo mimi sinusi pipa, nautazama uso wako. Ukikunja hapa kidogo juu ya pua, ni changa. Ukinyamaza na kumeza mara mbili, iko tayari."

Nikamuuliza mbona hakusema. "Ningesema nini, Nyar Kerugoya? Kwamba mwanangu amechora pua ukutani na mimi mwenyewe sina?" Tulicheka tukashikana mikono, halafu akalia, kwa sababu, alisema, divai si kitu, ila wajukuu wakitoka kuoga anawakumbatia na ni kama anakumbatia picha. Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nilikaa, kama ulivyoniambia.

Caleb alipoambiwa alitoka nje, akazunguka jengo mara mbili, akarudi akamkumbatia mama yake, kisha akaninunia mimi mpaka jioni kwa kumficha, na haki alikuwa nayo. Adongo aliambiwa kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Jumamosi Mukami atahitaji mtu wa kumimina?" Akaja na aproni mpya, ameinyoosha.

Kabla kasisi hajaomba, Mama alisimama akawaambia watu waziwazi kwamba pua waliyoiona hapo nje imestaafu tangu mwezi wa tatu, na anayeonja sasa ni mke wa mwanawe. Watu wakapiga makofi. Nikaonja mbele yao. Ya mananasi nikaipitisha, ya rozela nikaipitisha, ya matunda damu nikasema ukweli, bado ni changa, leo haiuzwi. Na hiyo ndiyo mnunuzi wa hoteli alikuwa ameipenda kuliko zote, alitaka aondoke na katoni zilizokuwepo. Akanipita, akamwendea Mama na kikombe. "Mama, mimi naona iko sawa kabisa. Hebu onja wewe utuambie."

Mama hakukigusa. Akamwambia, "Amesema bado. Rudi Ijumaa."

Shangazi, nilienda nyuma ya mapipa nikalia peke yangu, kilio kizuri. Na leo Ijumaa yule mtu amerudi na gari, ameonja, akasema ananiomba radhi.

Jumatano tulikuwa kwa daktari. Anasema pua huenda ikarudi kidogo kidogo, huenda isirudi, na amempa zoezi la kunusa karafuu, limau na kahawa kila asubuhi. Hasikii harufu bado. Lakini ananusa kila siku bila kukosa, na karafuu anazigombeza kama zimemkosea. Mtungi wa gesi tumeuhamishia nje ya dirisha, fundi amepitisha mpira ukutani.

Mukami

*

Mukami, umefanya vyema, na Mama Phelister nampa salamu, najua anasoma. Lakini usikae hapo ukipigiwa makofi. Nyumba nzima sasa inategemea pua moja tena, na safari hii ni yako. Mfundishe mtu wa pili, anza wiki hii, kabla hujazoea kuwa peke yako. Anza na Adongo. Aproni tayari anayo.

Shangazi Anisa